Siku moja Sagunto baada ya marathoni ya Valencia: naomba ushauri

Mwalimu wa Arusha

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mke wangu amepata nafasi ya kukimbia marathoni ya Valencia, Hispania, ambayo hufanyika Jumapili ya kwanza ya mwezi wa Desemba, na familia imeamua kwamba mimi na mama yangu mzazi tumsindikize. Hapa Arusha hakuna anayehitaji kuelezwa Valencia ni wapi. Huko ndiko Gabriel Geay alikoweka rekodi ya taifa ya Tanzania tarehe 4 Desemba 2022, alipomaliza wa pili kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 0, siku ileile ambayo Kelvin Kiptum wa Kenya, Mungu amrehemu, alikimbia marathoni yake ya kwanza na kushinda kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 53. Kwa hiyo habari za mbio zenyewe, malazi na mahali pa kuchukulia namba tumekwisha kuzipata kwa wakimbiaji wenzake, na sitawasumbua nazo.

Ninachotafuta ni siku moja nje ya jiji. Baada ya mbio tutabaki Valencia hadi Alhamisi, nami, kwa kuwa nafundisha historia katika shule ya sekondari, nimetamani kwa muda mrefu kuufikia mji mdogo wa Sagunto, ambao ramani inauonyesha kaskazini mwa Valencia, umbali wa karibu kilomita 30. Ndio mji ambao Hannibal wa Karthago aliuzingira mwaka 219 KK kwa muda wa miezi minane hivi hadi ukaanguka, na kuanguka kwake ndiko kulikowasha vita vya pili kati ya Karthago na Roma. Wanafunzi wangu wanapoambiwa kwamba jemadari aliyeitia Roma hofu alitoka Afrika, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, na kwamba wapanda farasi wake hodari walikuwa Wanumidia wa eneo la Aljeria ya leo, darasa zima huamka. Ningependa kuwaonyesha picha za mahali penyewe badala ya mchoro wa kitabuni.

Naomba basi mnisaidie kuamua. Je, mji ule unamtosha mtu siku nzima, au ni wa kupita kwa saa mbili na kurudi? Naona ngome iko juu ya kilima, na mama ana miaka 68, magoti yanamsumbua; mke wangu naye atakuwa ametoka kukimbia kilomita 42, hivyo sitaki kuwapandisha mlima watu wawili wasiojiweza. Nimeona pia kwamba kuna sehemu ya pili ya mji iliyo ufukweni, inayoitwa Puerto de Sagunto, nami sielewi kama ni mahali pa kutembelewa au ni bandari ya kazi tu. Mwisho, sisi ni Waislamu, na ningeshukuru kujua tutakula nini bila wasiwasi.

Binti Mvita, Valencia

Waaleikum salaam, Mwalimu, na hongera nyingi kwa wifi yetu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa niishiye Valencia, na Sagunto ndiko ninakowapeleka wageni wangu wote wanaoniomba niwaonyeshe Hispania isiyokuwa ya maduka, kwa hiyo swali lako nimelipokea kwa furaha.

Jambo la kwanza ni siku. Usiende Jumatatu. Najua itakushawishi, kwa sababu ni siku ya pili baada ya mbio na mtakuwa hamna shughuli, lakini Jumatatu ngome na ukumbi wa maigizo wa Kirumi hufungwa, nanyi mtafika mlangoni na kukuta komeo. Siku za Jumapili na za sikukuu navyo hufunguliwa asubuhi tu, vikafungwa mapema mchana. Hapo ndipo Desemba inapohitaji uangalifu, kwa kuwa tarehe 6 ni Siku ya Katiba na tarehe 8 ni sikukuu ya Kikatoliki, zote mbili za mapumziko kwa nchi nzima, na huangukia karibu kabisa na marathoni. Tazama kalenda ya mwaka wenu: Jumanne ikiwa si sikukuu, nendeni Jumanne; ikiwa ni tarehe 6 au 8, nendeni Jumatano. Wifi naye atakushukuru kwa kuchelewa huko, maana anayemaliza marathoni hapati tabu sana kupanda. Taabu huja katika kushuka, misuli ya mapaja inapokataa ngazi kabisa siku ya kwanza na ya pili.

Safari yenyewe ni nyepesi. Treni za mitaa za njia ya C-5 na C-6 huondoka katika stesheni ya Estació del Nord, katikati ya jiji, na kufika Sagunto kwa muda wa nusu saa hivi. Tengeni dakika chache za kuitazama stesheni kabla ya kupanda treni, kwa sababu jengo lile, lililofunguliwa mwaka 1917, limepambwa kwa machungwa ya vigae na ya mawe kuanzia ukuta wa nje hadi ndani, na mama ataipenda kazi ile. Msibabaike mkiona vibao vimeandikwa Sagunt badala ya Sagunto, kwa sababu eneo hili lina lugha mbili rasmi na kila mji una majina mawili. Kaeni upande wa dirisha. Desemba ni msimu wa machungwa na machenza, na treni hupita kando kabisa ya mashamba hivi kwamba unaona makreti yamepangwa chini ya miti, wavunaji wanakata matunda kwa mikasi midogo wakiacha kikonyo na jani, na mitaro ya umwagiliaji imejaa matunda yaliyoanguka ambayo hakuna anayeyaokota. Mtu yeyote aliyewahi kupita Muheza wakati wa mavuno atasimama dirishani njia nzima.

Mkishuka, msikimbilie ngome kwa mguu kutoka stesheni mkiwa na mama. Chukueni teksi iwapandishe hadi mitaa ya juu, karibu na ukumbi wa maigizo, ili nguvu zote zitumike huko juu na si njiani. Kutoka ukumbini hadi lango la ngome bado kuna mwinuko, na mawe ya njia yamesuguliwa na miguu ya watu hata yakawa laini, kwa hiyo mvua ikiwa imenyesha usiku huwa yanateleza. Viatu vya soli ya mpira ni lazima. Mama anaweza kubaki ukumbini, ambako kuna mahali pa kuketi kwa maelfu, huku ninyi wawili mkipanda. Anzeni asubuhi, maana jua huzama mapema, muda mfupi baada ya saa kumi na moja na nusu jioni, na upepo wa juu huwa baridi hata kama mchana mjini ulikuwa wa nyuzi 17.

Kuhusu chakula, nitakueleza kwa kirefu kidogo kwa sababu hapa ndipo wageni wetu wengi hukwama. Chakula cha mchana huanzia saa nane, na mapishi ya wali, ambayo ndiyo fahari ya eneo hili, ni ya mchana tu. Ukifika saa kumi na nusu ukiwa na njaa utaambiwa jiko limefungwa, na halitafunguliwa tena hadi saa mbili na nusu au saa tatu usiku. Paella ya asili ya Valencia hupikwa kwa kuku, sungura na maharage mabichi, na nyama hiyo si ya kuchinjwa kwa sharia. Wali wa kuokwa katika chungu cha udongo, ambao utauona katika mikahawa mingi wakati wa baridi, huwa na mbavu za nguruwe na soseji ya damu, hivyo msiuguse hata kama harufu yake inavutia. Mlicho salama nacho ni wali wa samaki na wa kamba, lakini ulizeni waziwazi kama mchuzi wa kupikia ni wa samaki mtupu. Wapishi hawaoni vibaya kuulizwa, na wengi watakujibu kwa fahari. Kwa nyama ya halali, subirini mrudi Valencia, katika mtaa wa Russafa, ambako Wamoroko na Waaljeria wana mabucha na mikahawa yao. Mimi hubeba mkate, tende na jibini, na tunakula tukiwa juu ya ngome.

Fundi wa Lamu

Mwalimu, nimeisoma hamu yako juu ya Hannibal na ningependa nikuandae, ili ukifika usitafute kitu ambacho hakipo. Mimi ni fundi wa kukarabati majumba ya kale, kazi ya chokaa, matumbawe na boriti, na nilipelekwa Hispania kwa mafunzo, tukapitishwa Sagunto kwa makusudi maalumu ambayo nitayaeleza.

Karibu hakuna jiwe utakaloligusa na kusema kwa hakika kwamba Hannibal aliliona. Yaliyo maarufu zaidi ni mawe makubwa ya chokaa yaliyo nyuma ya kanisa la Santa María, uwanja mkuu, yanayoitwa hekalu la Diana. Pliny, mwandishi wa Kirumi, aliandika kwamba Hannibal aliliacha hekalu la Diana la Sagunto bila kuliharibu, kwa heshima ya dini, na wenyeji wanaamini kwamba mawe haya ni sehemu yake. Yaangalie kwa karibu: yamepangwa bila saruji, moja juu ya jingine, na kiungo kati yao ni chembamba. Kanisa lenyewe lilianza kujengwa mwaka 1334, na lilijengwa ubavuni mwa ukuta ule.

Ngome nayo ina urefu wa karibu kilomita moja juu ya mgongo wa kilima, na imegawanyika katika viwanja saba vinavyofuatana. Usiihesabu kuwa ngome moja. Katika uwanja mmoja unakanyaga misingi ya baraza kuu la Warumi pamoja na birika lao la maji. Kuta nyingi zilizosimama na malango ni kazi ya enzi ya Waislamu, waliotawala hapa tangu karne ya 8 hadi Mfalme Jaume wa Kwanza wa Aragon alipouchukua mji mwaka 1238. Kisha kuna nyongeza za wakati wa vita na Napoleon, maana jeshi la Wafaransa chini ya Suchet lilishinda vita bondeni tarehe 25 Oktoba 1811, na ngome ikasalimu amri siku iliyofuata. Fundi anayetazama ukuta wa namna hiyo anasoma mikono ya watu mbalimbali: mahali jiwe la Kirumi limechukuliwa likatumiwa tena upande, mahali lipu imepigwa juu ya tofali la udongo, mahali risasi ya mzinga imeng'oa kona na mwingine akaja akaziba kwa haraka. Kwa wanafunzi wako, nadhani picha ya ukuta mmoja kama huo ina faida kuliko picha kumi za mandhari.

Pita pia mtaa wa Wayahudi, ulio chini kidogo ya ukumbi, wenye vichochoro vyembamba na tao la kuingilia. Mwaka 1391, mitaa ya Wayahudi iliposhambuliwa katika miji mingi ya Hispania na ule wa Valencia ukaangamizwa, Wayahudi wa mji huu, ambao wakati huo uliitwa Morvedre, walikimbilia ngomeni na wakasalimika. Waliishi hapo kizazi baada ya kizazi, jumuiya yao ikawa kubwa kuliko zote katika ufalme wa Valencia, hadi walipofukuzwa nchini mwaka 1492. Ukiwa juu, tazama chini kuelekea mtaa huo na upime umbali, uone walivyopanda.

Sasa nije kwenye ukumbi wa maigizo, ambao ndio uliotupeleka. Ulijengwa katika karne ya 1 BK ukiwa umechongwa ndani ya mteremko wa kilima, na mwaka 1896 ukatangazwa kuwa jengo la urithi wa taifa. Hadi miaka ya 1980 ulikuwa gofu: ngazi za kukalia zimelika, nyumba ya jukwaa imebaki misingi na vipande vya kuta. Kisha wasanifu wawili, Giorgio Grassi wa Italia na Manuel Portaceli wa Valencia, wakaujenga upya kati ya mwaka 1990 na 1993. Waliinua ukuta mrefu wa jukwaa kwa matofali, wakazifunika ngazi kwa mawe mapya meupe, na ukumbi ukawa ukumbi tena. Nchi ikagawanyika. Kesi ilifunguliwa, mahakama zikaamua kwamba kazi ile ilivunja sheria ya urithi wa kale, Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ikaunga mkono, na ikaamriwa kwamba nyongeza zibomolewe. Lakini kuzibandua bila kuyaharibu mawe ya Kirumi yaliyo chini yake kulionekana kuwa hatari, na mwaka 2009 mahakama ikakubali kwamba amri hiyo haiwezi kutekelezwa. Mawe meupe yamebaki.

Mkufunzi wetu alituacha tukae pale na kujadiliana, na nitakuambia msimamo wangu. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao sisi mafundi wa urithi tunafundishwa kama sheria ya kazi, unasema ukarabati ukome pale dhana inapoanza, na kwamba kila kinachoongezwa kionekane kuwa ni cha zama zetu. Kwa kigezo cha pili Grassi na Portaceli ni waaminifu, kwa sababu mtoto mdogo atatofautisha jipya na la kale. Kwa kigezo cha kwanza walivuka mpaka, na walivuka sana. Ukikaa katikati ya ngazi, lazima uinamishe kichwa na kutafuta kwenye kingo na sehemu za pembeni ndipo uuone mwamba ulioliwa na mvua, uliokaliwa na Warumi wenyewe. Hilo linaniuma. Hata hivyo, wakati wa kiangazi ukumbi hujaa watu katika tamasha la maigizo, na wanafunzi wa shule huja kuigiza tamthilia za Kigiriki na Kilatini mahali pale pale, jambo ambalo gofu lisingeruhusu. Sisi wa pwani tuna sababu ya kulitafakari suala hili, kwa kuwa tumeona jinsi jengo linavyoweza kutuponyoka likingali mikononi mwa mafundi: Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wakapoteza maisha. Anayesema "msiguse kitu" na anayesema "jengeni upya" wote wawili wanadaiwa majibu. Wapeleke wanafunzi wako picha mbili, moja ya ngazi mpya na moja ya kingo za zamani, uwaulize wao wangefanya nini.

Baharia Mstaafu, Dar es Salaam

Nawasalimu wote. Nimefurahi kusoma maneno ya Fundi na ya Binti Mvita, ila naona Puerto imesahauliwa, na Mwalimu aliuliza juu yake. Mimi nimeijua Sagunto kutoka upande wa bahari. Meli yetu ilifunga gati pale kuchukua koili za chuma, na tulipopata ruhusa ya kushuka tulikuwa tunatembea mjini jioni, kwa hiyo nitasema ninayoyajua.

Puerto de Sagunto iko kama kilomita tano kutoka mji wa kale, na mabasi ya mji huunganisha sehemu hizo mbili. Ni mji uliozaliwa kwa ajili ya chuma. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya migodi ilijenga reli ya zaidi ya kilomita 200 kutoka machimbo ya Ojos Negros, milimani huko Teruel, hadi ufukoni hapa, ili madini ya chuma yapakiwe melini. Reli ilifunguliwa mwaka 1907, na miaka kumi baadaye ikaanzishwa kampuni ya kuyeyusha chuma hapohapo bandarini. Watu walikuja kutoka kila upande wa Hispania, wakajengewa nyumba za wafanyakazi, shule na hospitali. Kisha katika miaka ya 1980 serikali ikaamua kupunguza viwanda vya chuma, na Sagunto ikachaguliwa kufungwa. Wafanyakazi na familia zao walipinga kwa zaidi ya mwaka mmoja, kwa migomo na maandamano yaliyofika hadi Madrid, lakini mwaka 1984 matanuru yalizimwa.

Tanuru moja, lililoitwa namba 2, halikubomolewa. Limesimama peke yake karibu na nyumba za watu, refu, limekarabatiwa, na mgeni anaweza kuingia chini yake na kupanda kwa utaratibu wa ziara. Mtu asiyewahi kufanya kazi ya chuma haelewi ukubwa wa kitu hicho mpaka asimame penye mdomo wa kutolea chuma kilichoyeyuka na kutazama juu. Nilipokuwa pale mzee mmoja wa Kihispania, ambaye baba yake alifanya kazi hapo, alinionyesha kwa kidole mfereji uliokatwa sakafuni ambamo chuma kilipita, na namna wafanyakazi walivyokuwa wakiuziba mdomo kwa udongo baada ya kila mmiminiko. Tulielewana kwa ishara na kwa Kihispania changu kidogo cha bandarini. Ndugu Mwalimu, hiyo nayo ni historia, na ni historia iliyo karibu zaidi na maisha ya wanafunzi wako kuliko Hannibal, kwa sababu wengi wao wana baba au mjomba aliyepoteza kazi kiwanda kilipofungwa.

Kwa mama, Puerto ni tambarare. Kuna njia pana ya kutembelea kando ya ufuko wa mchanga, madawati ya kupumzikia yapo, na Desemba hakuna msongamano. Ile reli ya madini nayo, baada ya kung'olewa, sehemu kubwa imegeuzwa njia ya baiskeli na ya miguu, lakini hiyo ni ya safari nyingine, mke wako akiwa na miguu mipya.

Mwalimu wa Arusha

Nawashukuru sana, mmenipa zaidi ya nilichoomba. Mama nimemsomea majibu yote, na amesema hatabaki ukumbini wakati sisi tunapanda. Anataka angalau afike lango la ngome. Fundi, ningependa unieleze jambo moja: kama hakuna mawe ya kumuonyesha Hannibal, je, kuna mahali pa kusimama ambapo mtu anaelewa kwa nini aliutaka mji huu? Na Binti Mvita, je, inawezekana kweli kuunganisha ngome na tanuru katika siku moja, kwa mwendo wa mama?

Fundi wa Lamu

Swali zuri, na jibu ni ndiyo. Pitia lango, ugeuke upande wa magharibi, upande hadi sehemu iliyo juu kabisa ya mgongo wa kilima, kisha tazama kuelekea mashariki. Utaiona bahari, mashamba ya machungwa yaliyotandazwa kati yako na maji, na njia yote ya pwani inayotoka kaskazini, mto Ebro uliko, kwenda kusini. Ukigeuka nyuma utaona bonde la mto Palancia likiingia bara kuelekea milimani. Aliyeishika ngome hii aliweza kumwona kila apitaye kwa nchi kavu na kila atiaye nanga. Roma na Karthago zilikuwa zimekubaliana mwaka 226 KK kwamba jeshi la Karthago lisiuvuke Ebro, na Sagunto iko kusini ya mto huo, kwa hiyo Hannibal alijiona yuko ndani ya haki yake. Lakini mji ulikuwa rafiki wa Roma, na hakuweza kuiacha ngome ya rafiki wa adui mgongoni mwake akiwa anaelekea Italia. Livy, mwanahistoria wa Kirumi, anasimulia kwamba Hannibal mwenyewe alichomwa mkuki pajani akiusogelea ukuta, na mashambulizi yakasimama kwa siku kadhaa hadi alipopata nafuu. Anasimulia pia kwamba wajumbe walikwenda na kurudi kati ya Roma na Karthago huku mji ukiendelea kuzingirwa bila msaada wowote kuja. Mwaka uliofuata ndipo alipovuka milima ya Alpi na tembo wake. Piga picha kutoka hapo juu.

Mteremko mkali uko upande wa kusini na wa kaskazini. Upande wa magharibi kilima hushuka taratibu zaidi, na yaelekea huko ndiko Livy anakosema Wakarthago walikazana kubomoa ukuta kwa mitambo yao. Waonyeshe wanafunzi tofauti ya pande hizo, wataelewa mzingiro wote bila mchoro.

Binti Mvita, Valencia

Mwalimu, inawezekana, kwa sharti kwamba mwanzo uwe wa mapema. Chukueni treni ya asubuhi, teksi iwafikishe ukumbini ngome inapofunguliwa, na mumpe mama saa nzima ya kupanda kidogo kidogo hadi lango. Kuna kuta fupi za kuegemea njiani, na mtu akipumzika kila anapotaka anafika. Nyote mkiwa ndani, mama akae uwanja ulio karibu na lango, ambao ndio wenye misingi ya Kirumi, na wewe upande kule alikokueleza Fundi. Wifi akichoka abaki na mama.

Mkishuka, piteni mtaa wa Wayahudi, kanisa na mawe ya hekalu, maana vyote viko njiani na vinashuka pamoja nanyi. Kuna pia makumbusho madogo katika nyumba ya karne ya 14, yenye fahali wa jiwe wa kabla ya Warumi. Kama muda umebana, yaacheni. Saa saba na nusu muwe mmepanda basi la kwenda Puerto, ili mle wali wa samaki karibu na bahari saa nane kamili. Ziara ya kuingia ndani ya tanuru huwa na saa zake na inahitaji kuwekewa nafasi, kwa hiyo waandikieni ofisi ya utalii ya Sagunto kabla hamjaondoka Arusha, mkiwaambia tarehe na idadi yenu. Mkikosa nafasi, kulitazama kwa nje hakuhitaji ruhusa. Kurudi Valencia, pandeni basi hadi stesheni ya Sagunto mjini, na mnunue tiketi ya treni ya kwenda na kurudi tangu asubuhi ili msipange foleni jioni mkiwa mmechoka.

Niandikie ujumbe wa faragha mkishafika Valencia. Nikiwa sina zamu siku hiyo, nitafuatana nanyi, na mama nitamshika mkono mwenyewe.